Kanyaga Mguu Huo

Kariakoo niliyoanza kuijua mwaka 1984 mtu alikula kwa miguu yake. Makuli wa Shimoni, ile sehemu ya soko iliyo chini ya ardhi, walipanda na kushuka na maroba ya viazi tangu alfajiri. Wasukuma mikokoteni walitoka Gerezani mpaka Mtaa wa Congo wakiwa peku au na katambuga, wakipiga miluzi watu wapishe. Mama ntilie walisimama mbele ya masufuria mpaka vifundo vya miguu vikavimba. Hakuna aliyekuwa na likizo ya ugonjwa wala mwajiri wa kumwandikia barua. Ndiyo maana ugoko wa mtu wa Kariakoo ukivunjika, swali la kwanza alilonitupia halikuwa kama mguu utanyooka. Lilikuwa: "Dokta, nitasimama lini?"

Mimi si daktari. Nilikuwa fundi wa plasta katika hospitali moja ya jijini, lakini Dar es Salaam ukivaa koti jeupe wewe ni dokta tu, na sikuwahi kumkatalia mgonjwa jina hilo wakati analia. Nilipanga chumba Mtaa wa Sikukuu, kwa hiyo kazi haikuisha nilipovua koti. Jioni nilipokaa kibarazani majirani walinipitishia miguu yao: huyu hogo lake, yaani plasta, limepasuka, yule vidole vimevimba, mwingine ameambiwa arudi hospitali baada ya wiki sita na hana nauli ya kurudi kesho.

Ugoko ni mfupa uliokaa pabaya. Papasa wa kwako kuanzia chini ya goti kuelekea kifundoni, upande wa ndani: hakuna nyama, ngozi imelala juu ya mfupa. Theluthi yake ya chini inapata damu kidogo kuliko ya juu, ndiyo maana ukivunjikia huko huwa mgumu kuunga. Na ni mfupa unaobeba karibu uzito wote wa mwili, maana ule mwembamba ulio pembeni yake unasaidia kidogo tu. Teke la mpirani Jangwani, tairi la mkokoteni, ngazi yenye maji ya mboga, mtaro usio na mfuniko: vyote vinaishia hapo.

Tiba niliyoikuta ilikuwa hogo refu, kutoka juu ya paja mpaka kwenye vidole, goti likiwa limefungiwa humo humo. Mgonjwa alikatazwa kukanyaga, akapewa magongo kama yapo. Waliovunjika vibaya zaidi walilazwa, mguu ukivutwa kwa kamba na vyuma vya uzito mwisho wa kitanda, wiki baada ya wiki. Kwenye karatasi ya daktari ilionekana sawa. Nyumbani ilikuwa habari nyingine. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na choo uani. Choo chenyewe ni cha kuchuchumaa. Sasa mwambie mtu mzima ambaye goti lake halikunji aende choo cha kuchuchumaa, usiku, uani pakiwa na ndoo za wapangaji kila mahali. Niliona kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, niliona baba wa watu akishikiliwa na mabinti zake huku amefumba macho kwa aibu. Hayo hayakuandikwa kwenye faili la mgonjwa yeyote. Na siku hogo linapovuliwa, miezi imepita, kigimbi kimekauka, goti gumu, na inabidi aanze kujifunza kutembea upya. Wengine mfupa ulikuwa haujaunga hata baada ya mapumziko yote hayo.

Aliyenifundisha plasta alikuwa mzee wa Kizaramo, mtu wa maneno machache na viganja vipana. Zilipokosekana plasta za kiwandani tulitengeneza wenyewe. Tulitandaza shashi mezani, tukamwaga unga wa plasta, tukausugua uingie kwenye matundu, kisha tukaviringisha taratibu bila kukaza. Ukikaza, maji hayafiki katikati. Mzee alijua unga mzuri kwa kuupikicha kati ya vidole viwili, na alijua plasta imelowa vya kutosha kwa kutazama mapovu yanapokoma kutoka ndani ya ndoo. Masika yalikuwa adui yake. Unga ukinyonya unyevu ghalani haugandi tena, unabaki uji, na yeye aliufungia ndani ya madebe ya mafuta yenye vifuniko kana kwamba ni mahari.

Mabadiliko yaliletwa na daktari wa mifupa aliyerudi kutoka masomoni na wazo lililotushangaza. Alitaka tumfunge mgonjwa plasta inayoishia chini ya goti, goti liwe huru, na mgonjwa akanyage kabla mfupa haujaunga. Mzee wangu aliweka mkasi chini. Akauliza, kwa heshima zote, kama daktari anataka mfupa utokee juu ya goti.

Wazo halikuwa la daktari wetu. Lilikuwa la Augusto Sarmiento, mzaliwa wa Colombia aliyekuwa akifanya kazi Miami, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliwatazama watu waliokatwa mguu chini ya goti wakitembea na miguu bandia ya namna mpya, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ambayo iliegemea kwenye kano iliyo chini ya pia ya goti. Akajiuliza: kama asiye na mguu anaweza kuubeba mwili hivyo, kwa nini mwenye mguu uliovunjika asifungiwe plasta ya umbo hilo hilo akatembea? Akajaribu, na mwaka 1967 akachapisha matokeo. Baadaye yeye na mhandisi Loren Latta walipima na kukuta kwamba ile kano haibebi uzito mwingi kama walivyodhani. Kinachobeba ni nyama yenyewe ya mguu. Nyama imejaa maji, na maji hayafinyiki. Ikizungushiwa kitu kigumu kilichoshika vizuri pande zote, haina pa kwenda, kwa hiyo inaushikilia mfupa kutoka kila upande.

Daktari alitueleza hayo kwa michoro, tukaitikia kwa adabu bila kuelewa. Nilielewa Jumamosi moja nikipita sokoni. Roba la mchele lililofungwa legelege hujilaza chini, punje zinakimbilia pembeni. Roba lile lile likijazwa na kushonwa kwa kubana husimama wima, na kuli anapanda juu yake kupanga la pili. Punje ni zile zile. Gunia ndilo lililobadilika. Nilimweleza mzee hivyo Jumatatu, na yeye ndiye aliyewaeleza wagonjwa wote kwa miaka iliyofuata, maana kwa mtu wa Kariakoo roba halihitaji tafsiri.

Hatukumfunga mtu plasta fupi siku aliyovunjika. Wiki mbili za mwanzo, pengine hata nne, alikaa na hogo refu mpaka uvimbe ushuke na maumivu yapungue, tukiangalia vidole: vina joto, vinacheza, ukivibonyeza damu inarudi? Mguu unaovimba ndani ya plasta iliyobana unaweza kufa, na maumivu ya mgonjwa unapomnyoosha vidole ndiyo kengele ya kwanza. Hapo plasta inapasuliwa papo hapo, usiku au mchana, na daktari anaamshwa.

Uvimbe ukishatulia, mgonjwa aliketi pembeni mwa meza, mguu ukining'inia, unyayo umekaa juu ya paja langu. Nilimvalisha soksi ndefu ya pamba, nikaweka sufi nyembamba, kisha plasta kuanzia vidoleni kwenda juu. Kazi yenyewe ilianza plasta ilipoanza kupata moto mkononi. Nilibonyeza kwa viganja nyuma ya mguu, juu ya kigimbi, mpaka pakawa bapa. Vidole gumba vilikwenda mbele, chini ya pia ya goti, huku na huku ya kano. Juu mguu uliacha kuwa duara ukawa na pembe tatu, na pembe hizo ndizo zilizouzuia kuzunguka ndani ya plasta. Mbele plasta ilipanda mpaka nusu ya pia, nyuma tuliikata chini ili goti likunje. Dakika chache tu plasta ikishaganda, umbo ulilolikosa umelikosa. Mzee alisimama nyuma yangu akinipiga kwenye kiwiko kila nilipolegeza.

Chini ya nyayo tulifunga kisigino cha mpira. Fundi katambuga mmoja alitukatia vipande vya tairi la gari kwa ukubwa wa kiganja, akavichonga mviringo kwa chini ili mguu ubiringike kuelekea mbele bila kifundo kukunja. Kisha mgonjwa aliambiwa asikanyage siku mbili, plasta ikauke. Katika masika na upepo wa bahari siku mbili hazikutosha.

Baada ya hapo ilikuja sehemu ngumu kuliko zote, na katika maisha yangu ya kazi hakuna niliyoitolea jasho zaidi. Ilibidi mgonjwa akanyage.

Alikuja mama ntilie mmoja wa Mtaa wa Mchikichi aliyegongwa na mkokoteni uliomponyoka msukumaji. Mfupa ulikatika mshazari, haukutoboa ngozi. Tukamfunga vizuri, siku zikapita, akarudi amebebwa mgongoni na mwanawe, plasta safi kama alivyotoka nayo.

"Shikamoo mama. Umekanyaga?"

"Marahaba mwanangu. Nikanyage nini, na mfupa umekatika? Picha nimeiona mwenyewe."

"Mama, mfupa unaunga kwa kukanyaga."

"Wewe ulizaliwa lini? Mimi nimezika watu waliokanyaga."

Hakuna mchoro uliomshawishi. Lililomshawishi lilikuwa mizani. Tulikuwa na mizani ya kupimia watu, nikaiweka chini mbele ya kiti chake, mguu mzima ukiwa sakafuni na ule wa plasta juu ya mizani. Nikamwomba anipimie kilo tano tu, kama anavyopima mchele. Akatazama mshale, akabonyeza, kilo tano. Akatulia. Hakuna kilichotoka. Akaongeza mwenyewe mpaka kumi, akiwa amekunja uso, kisha akaniuliza kesho afike ngapi. Tangu siku hiyo mizani ilikaa mlangoni mwa chumba cha plasta. Watu wa soko wanaamini mizani. Ukimwambia mtu "kanyaga kidogo" hajui kidogo ni kiasi gani. Ukimwambia kilo kumi na tano, anajua, na akifika ishirini bila maumivu kuzidi anajua pia kwamba amepata faida.

Kitu kinachotokea ndani tulifundishwa polepole. Mfupa unapochezacheza kidogo sana kwa kila hatua mtu anayopiga, mwili unajenga kinundu cha mfupa mpya kuzunguka pale palipovunjika, kinene na chenye nguvu. Kigimbi nacho kinafanya kazi, kinasukuma damu, uvimbe unashuka. Anayekanyaga anaujenga mfupa wake. Aliyelala hana anachokijenga. Kufikia mwezi wa nne au wa tano wengi walikuwa wanatembea bila gongo, na goti lao lilikuwa goti, si kipande cha mti.

Wengine tatizo lao lilikuwa kinyume. Kuli mmoja wa Kinyamwezi, mwenye mabega ya kubeba lumbesa, alipoambiwa akanyage alisikia ruhusa ya kurudi kazini. Nikamkuta Shimoni, plasta nyeusi kwa matope, roba la karoti begani. Nilimshusha roba mbele ya wenzake na kumpeleka hospitali kwa mkono. Eksirei ilionyesha mfupa haujahama na kinundu kimeanza. Daktari alitabasamu, mimi nilikuwa bado nahema kwa hasira. Tukambadilishia plasta, tukakubaliana na mwenye genge kwamba mpaka amalize atakaa kwenye hesabu za mzigo unaoingia, asibebe. Makubaliano ya namna hiyo niliyafanya na wenye magenge, wenye mikokoteni na waume za watu. Hayakuwa kwenye mafunzo yangu, lakini bila hayo plasta ilikuwa chokaa tu.

Kulikuwa na la ibada pia. Mwalimu wa madrasa aliyeswali Msikiti wa Mtoro alivunjika ugoko, na shida yake haikuwa maumivu, ilikuwa udhu. Alikuwa akiilowesha plasta mara tano kwa siku mpaka ikalainika kifundoni. Nilikwenda naye kwa shekhe wake, akamkumbusha hukumu anayoijua: juu ya kilichofungwa kwa ajili ya jeraha unapitisha mkono wenye maji, humwagi. Mwalimu alicheka, maana hilo alikuwa akiwafundisha watoto. Baada ya hapo kila mgonjwa Mwislamu nilimweleza hivyo mapema, na kila mgonjwa wa dini yoyote nilimkataza njiti za chelewa. Plasta inawasha, hasa Januari na Februari jasho linapotiririka, na mtu anachomeka njiti ya ufagio kujikuna. Tulikuta vidonda, na mara moja njiti yenyewe imekatikia ndani.

Ningekuwa mchoyo wa shukrani kama ningewapita waganga wa mifupa. Wagonjwa wengi walikuja kwetu baada ya kupita kwao, na baadhi walitutoroka kwenda kwao. Ndani ya hospitali walisemwa vibaya, na sababu zilikuwepo: niliona mguu wa mtoto uliofungwa fito kwa kukazwa siku ya kwanza, wakati bado unavimba, ukaja umekuwa mweusi. Mguu huo ulikatwa. Lakini niliona pia miguu ya watu wazima iliyofungwa fito na mzee mwenye hekima, goti na kifundo vimeachwa huru, fito zikilegezwa na kukazwa kila baada ya siku chache, mgonjwa akihimizwa asimame. Mfupa umeunga, goti linakunja. Sarmiento alipokuwa bado hajazaliwa, fito za namna hiyo zilikuwa zikibana nyama na kuacha viungo vicheze. Walichokosa ni eksirei ya kuona mfupa unaelekea wapi, na wengi wao walikosa subira ya kungoja uvimbe. Mzee wangu wa Kizaramo, ambaye babu yake alikuwa mganga wa mifupa, aliipokea plasta fupi haraka kuliko wauguzi wote alipoona inafanana na alichokiona utotoni.

Mwaka 1993 serikali ilipoanza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama hospitalini, plasta nayo ikaingia kwenye bei. Mgonjwa alipewa kikaratasi akanunue nje. Maduka ya dawa ya mjini yaliuza nzuri na mbovu, na mbovu ilijulikana tu ikishalowa. Niliwafundisha ndugu wa wagonjwa namna ya kuibonyeza plasta ikiwa bado kwenye karatasi yake: ikiwa na mabonge, rudisha. Mvua za masika zilipojaza Jangwani tuliwafunga mifuko ya rambo juu ya hogo, mpira chini ya goti, na bado walirudi na matope mpaka ndani.

Plastiki ndiyo iliyotutoa kwenye matope. Moshi, katika eneo la hospitali ya KCMC, kulikuwa na chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kilichoanza mwaka 1981 na kupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Vijana waliotoka huko walijua kupasha moto shiti ya plastiki ndani ya oveni mpaka ikawa laini na kung'aa, wakaivuta juu ya sanamu ya plasta ya mguu wa mgonjwa, wakaikata ikishapoa. Tuliiita bresi. Ilikuwa na vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, vikifungwa kwa mikanda, na sehemu ya nyayo iliyounganishwa kwa bawaba ili kifundo nacho kicheze. Mguu ukipungua uvimbe mgonjwa alikaza mikanda mwenyewe. Mfupa ukishashika vya kutosha, akioga aliivua. Viatu vya kawaida viliingia. Mwalimu wa madrasa angeipenda.

Kuna mambo tuliyowaeleza watu wazi tangu mwanzo na ninafurahi tulifanya hivyo. Mguu ungeweza kubaki mfupi kidogo, kwa kawaida si zaidi ya sentimita moja na kitu, na ule ufupi unaouona kwenye picha ya mwanzo ndio utakaobaki nao. Nyama haziruhusu uzidi sana. Mfupa mwembamba wa pembeni ukiwa mzima haukuwa bahati kama watu walivyofikiri, kwa sababu uliuzuia upande mmoja na ugoko ukaelekea kupinda kwa ndani. Wa namna hiyo tuliwaita kila wiki kwa eksirei mwezi wa kwanza. Mfupa uliotoboa ngozi kwa kidonda kikubwa, uliosagika pamoja na nyama, au uliovunjika ndani ya goti au kifundo, haukuwa wa bresi. Kwa waliofaa, matokeo yalikuwa mazuri kweli. Mwaka 1995 Sarmiento na wenzake walitoa hesabu ya mivunjiko 1,000 ya ugoko isiyotoboa ngozi, na isiyounga ilikuwa kama 1 kwa kila 100. Sisi hatukuwa na daftari la kujilinganisha naye, lakini niliishi katikati ya wagonjwa wangu na niliwaona wakipita na mizigo.

Kisha zikaja bodaboda. Kufikia mwishoni mwa muongo wa kwanza wa 2000 pikipiki zilijaa jijini, na sura ya ugoko uliovunjika ikabadilika. Haikuwa tena teke la mpirani. Ilikuwa mfupa ulio nje, na lami na mchanga wa barabara vikiwa vimeingia ndani ya nyama, abiria na dereva wamelazwa pamoja. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa. Watu wakazoea kuona vijana wa mtaani wamewekewa antena, vile vyuma vinavyotokeza nje ya mguu. Ikaja pia misumari ya ndani ya mfupa ya SIGN, shirika lililoanzishwa na daktari Lewis Zirkle mwaka 1999 kule Richland, jimbo la Washington, misumari inayoweza kuwekwa bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Kwa nchi kama yetu hilo lilikuwa jambo kubwa. Mwaka 2020 madaktari wa MOI pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha utafiti uliowahusisha wagonjwa 240 wa ugoko wenye kidonda, wakilinganisha msumari na antena. Baada ya mwaka mmoja tofauti ya matatizo makubwa haikuwa ya kutosha kusema huu umeushinda ule, ingawa wenye misumari walikuwa wamenyooka zaidi na walianza kujisikia vizuri mapema.

Ninaishukuru misumari. Nimewaona vijana walioletwa na miguu ya kukatwa wakitembea kwa sababu yake. Lakini ilipokuja, chumba cha plasta kilianza kusahauliwa, na hapo sikubaliani. Mfupa wa ugoko uliovunjika bila kutoboa ngozi, kwa mtu wa miaka 25 aliyejikwaa ngazini, ukapangiwa foleni ile ile ya upasuaji na wa bodaboda. Analala akingoja chumba, familia inauza kitanda ilipe, na kitanda cha wodi anachokalia ndicho ambacho mwenye kidonda wazi anakihitaji leo hii. Najua hoja ya upande wa pili na ni ya kweli: bresi inataka mtu anayerudi. Ukimfunga leo akapanda basi kwenda Mbeya, hutamwona mfupa ukipinda. Msumari hausubiri ahadi ya mgonjwa. Na ufundi wa mikono unakufa haraka. Kijana asiyefunga plasta ya goti huru kwa miaka miwili hana tena kumbukumbu ya lini viganja vibane na lini viache.

Nilistaafu. Soko liliungua Julai 2021, na wafanyabiashara wakahamishiwa masoko mengine. Katika hamahama hiyo kijana wa jirani yangu, muuza viungo, aliteleza na kasha la mdalasini akavunjika ugoko, mshazari, ngozi nzima. Nikaenda naye. Aliyetupokea alikuwa fundi wa kike, msomi wa Moshi, mwenye umri wa binti yangu mdogo. Aliniamkia, akanisikiliza, halafu akatazama picha mwenyewe bila kunitegemea, jambo lililonifurahisha. Tulibishana juu ya lini atoke kwenye hogo refu. Mimi nilitaka wiki ya tatu, yeye alitaka aone uvimbe kwanza, na yeye ndiye aliyekuwa anaushika ule mguu. Bresi yake ilikuwa nyepesi kuliko zote nilizowahi kuona, na pembe za juu zilikaa sawasawa.

Lililonigusa zaidi lilikuwa simu yake. Kila Ijumaa aliwapigia wagonjwa wote wa bresi, walioko Kariakoo na walioko mikoani, akawauliza maumivu, mikanda, vidole, na kilo. Kila mmoja alikuwa na mizani mahali fulani, ya duka la dawa au ya zahanati. Asiyepokea alitafutwa kupitia ndugu aliyeandikwa kwenye kadi. Enzi zetu mtu akipanda basi Mnazi Mmoja alikuwa ameondoka. Nilikaa naye mchana mmoja akipiga hizo simu. Kijana wa mdalasini alisema yuko kilo arobaini na goti linakunja. Fundi akamwambia afike hamsini taratibu, akaze mkanda wa juu tundu moja, na Jumatatu aje na eksirei mpya kabla ya saa tatu, maana baadaye foleni inakuwa ndefu.